Nyumba Mpya, Mbayuwayu Hawajaja

Kwenye ukurasa huu wa familia tumeshazungumza habari za uji wa mtoto, moshi wa jikoni, vijana na masomo yao. Mwezi huu tuna habari ya ndege. Msicheke. Someni mpaka mwisho, mtaona ni jambo la familia kama yale mengine.

Tumepata barua kutoka Bujumbura, kartie Asiatique. Aliyeandika ni mama mmoja tuliyeishi naye hapa miaka mingi. Jina lake hatulitaji, ameomba hivyo. Familia yake ilikimbia mwaka 2015, na mwaka jana ikarudi kwenye nyumba ya baba mkwe wake. Mama huyu alitangulia na watoto, mzee akabaki hapa miezi miwili kwa sababu ya miguu. Sasa sikilizeni anavyosema:

"Kabla mzee hajafika niliita fundi. Tukapiga lipu, tukapaka rangi ya mafuta kuta zote hadi dari ya barza. Huko juu kulikuwa na viota vitatu vya udongo, vikavu, vichafu. Fundi akaniuliza afanye nini, nikamwambia angusha vyote. Nilitaka mzee akute nyumba inang'aa. Alipofika hakutazama rangi. Alitazama dari. Akauliza, mbayuwayu wako wapi? Mimi nikanyamaza. Mpaka leo kila jioni anatoa kiti chake barzani, anaangalia juu, anasema mbayuwayu wametukataa. Jirani naye kasikia, eti nyumba inayokimbiwa na ndege ina kitu. Watoto wameanza kuogopa kulala chumba cha mbele. Nifanye nini warudi? Na je, nimwambie mzee kwamba ni mimi?"

Barua hii ilitukalisha kitako. Sisi wa ukurasa huu tuko watatu, na mmoja wetu amekulia Asiatique hiyohiyo, kati ya mji wa kati na Buyenzi. Wasioijua tuwaeleze kidogo. Jina lake limetoka zamani za Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura na watu wakigawanywa pa kuishi: Wazungu huku, Waafrika kule, na Wahindi na Waarabu wenye maduka pale katikati. Baadaye watu wakachanganyika. Ni kartie ya maduka mbele na ua nyuma, ya misikiti, ya Kiswahili asubuhi mpaka usiku. Na barza zake zilikuwa na mbayuwayu. Tulikuwa tunawaona wakiingia na kutoka juu ya vichwa vya wazee waliokaa kunywa kahawa, na hakuna aliyewagusa. Wazee wetu wengi husema ndege akijenga kwako ni baraka. Kwa hiyo tunamwelewa mzee. Tunamwelewa na mama pia, maana nani hataki kumpokea baba mkwe kwenye nyumba safi?

Dada yetu, tuanze na hilo la jirani. Nyumba yako haina kitu. Mbayuwayu hawajui habari za watu, wanajua habari za udongo. Ndege huyu hujenga kwa vidonge vidogo vya tope anavyovibeba mdomoni kimoja kimoja, mamia ya vidonge kwa kiota kimoja. Ili kiota kishike anahitaji mambo matatu: ukuta wenye mikwaruzo, tope karibu, na njia wazi ya kuingia. Rangi ya mafuta ni laini kama sahani, vidonge vinateleza na kuanguka. Ua uliosakafiwa kwa simenti hauna tope. Na ukiongeza pazia la barza, mlango wenyewe umefungwa. Hapo ndege gani angekaa? Waambie watoto hivyohivyo, tena mchana, mkiwa mmesimama chini ya dari yenyewe, na mwaoneshe. Mtoto akishaona sababu kwa macho yake, hofu inapungua.

Sasa jambo la pili. Kabla ya kumngoja ndege, mjue ndege. Kuna watu wanangoja mwaka mzima ndege ambaye hana mpango wa kujenga.

Kuanzia mwezi wa tisa na wa kumi mtaona mbayuwayu wengi wamepangana kwenye nyaya za umeme, koo jekundu, mkia wa panda mbili. Wengi wa hao ni wageni. Wametoka Ulaya na Asia, wamekimbia baridi. Ndege wa gramu 20 hivi anavuka jangwa la Sahara na kuja kula wadudu kwetu, na wengine wanaendelea mpaka Afrika Kusini. Mwezi wa tatu na wa nne wanaondoka, maana viota vyao viko huko kaskazini. Hao wakipita barza yako bila kuingia, usihuzunike. Hawatafuti nyumba.

Halafu kuna teleka. Huyu ni mweusi, ana doa jeupe mgongoni karibu na mkia, na mabawa yake yamepinda kama mundu. Wanaruka kwa makundi wakipiga kelele kuzunguka magorofa. Njia rahisi ya kumtambua ni kwamba teleka hatui kwenye waya, miguu yake ni ya kung'ang'ania ukutani tu. Kiota chake ni cha manyoya na majani aliyoyagandisha kwa mate, si cha udongo.

Wanaojenga kwa udongo kwenye barza zetu ni mbayuwayu wa hapahapa Afrika. Yupo mwenye kichwa chekundu cha kutu na kifua cheupe chenye michirizi myeusi. Kiota chake kama chupa iliyolazwa, tumbo pana na shingo nyembamba ya kuingilia, kimebandikwa chini ya dari au chini ya daraja. Yupo mwenye utosi mwekundu, chini mweupe kama theluji, na kwenye mkia nyuzi mbili nyembamba kama waya. Huyu anapenda karibu na maji, na kiota chake ni nusu bakuli tu, wazi juu. Hata yupo mkubwa ambaye Waingereza wamempa jina la mbayuwayu wa msikitini, kwa sababu huingia kwenye matundu ya majengo, ingawa mwenyewe hupenda zaidi pango la mti mkubwa. Muulize mzee viota vyake vilikuwa vya umbo gani, chupa au bakuli. Jibu lake ndilo litakuonesha la kufanya.

Hapa tunatoka nje ya Burundi kidogo. Kuna familia za wakimbizi wa mwaka 1972 zilizopelekwa Marekani kuanzia mwaka 2007, na mmoja wa jamaa zetu yuko huko. Alitusimulia siku moja kwamba aliona nguzo ndefu kwenye ua wa mtu, imetundikwa vibuyu vingi vyeupe, kila kibuyu kina tundu. Akadhani ni dawa ya mganga! Kumbe ni nyumba za ndege. Ni ndugu wa mbayuwayu, mkubwa kidogo, dume lake lina rangi ya zambarau iliyokoza inayong'aa. Huko wanamwita Purple Martin. Wenyeji wa asili wa nchi ile, makabila kama Choctaw na Chickasaw, walikuwa wakimtundikia vibuyu tangu kabla ya Wazungu kufika. Leo hii, upande wote wa mashariki wa milima ya Rocky, karibu ndege hawa wote wanalala na kuzaa kwenye vibuyu na visanduku vilivyowekwa na watu. Baridi ikija wanakwenda Brazil na nchi za jirani yake, kisha wanarudi palepale.

Mbayuwayu wetu wa udongo hawaingii kibuyuni, kwa hiyo dada usiende Buyenzi kununua vibuyu. Tunawasimulia hili kwa sababu watu wa huko wamejifunza mambo mawili kwa miaka mingi. La kwanza, mahali pawe wazi. Nguzo wanaisimika uani penye nafasi, mbali na miti kama mita 12 au zaidi, lakini si mbali na nyumba, maana karibu na watu maadui wa ndege wanaogopa. La pili ndilo linalokuhusu zaidi. Ndege mzima aliyekwisha kuzaa mahali hurudi palepale, hababaiki na mahali papya. Wanaokuja kujaribu nguzo mpya mara nyingi ni vijana, waliozaliwa mwaka uliopita, na wanafika wakati wakubwa wameshatulia. Kwa hiyo mwenye nguzo mpya akiona mwezi wa kwanza kimya, anaambiwa asiing'oe, vijana bado wako njiani.

Mbayuwayu wetu nao wana tabia ya kurudia kiota cha zamani na kukikarabati. Wale wa kwako pengine walirudi, hawakukuta kitu, wakaenda kwingine. Huenda hao hawatakuja tena. Wa kwako watakuwa wapya. Ni vizuri mjue hilo mapema, ili mzee asiwangoje walewale.

Basi, la kufanya ni hili. Sasa ni kiangazi, mna muda mpaka mvua za mwezi wa tisa au wa kumi.

Kwanza, ukuta. Usivunje kazi yote ya fundi. Chagua pembe moja ya barza, ile iliyo mbali na mlango na mbali na meza yako ya biashara, ambako mvua na jua la mchana havifiki. Pale juu, mahali pa ukubwa wa sahani mbili, fundi akwangue rangi na kupaka simenti na mchanga bila kulainisha. Kama viota vilikuwa vya chupa, hiyo yatosha, maana huyo hubandika chini ya dari. Kama vilikuwa vya bakuli, gongelea na kibao kisichopigwa randa, upana wa sentimita 12 hivi, urefu wa 20 au 25, kikae kama sentimita 10 chini ya dari. Mafundi wengine huanzisha na duara dogo la tope juu ya kibao, kama mtu aliyeanza kujenga akaacha. Huko Ulaya watu hutengeneza hata nusu bakuli za simenti na kuzibandika, na mbayuwayu wanazipokea.

Pili, tope. Hili ndilo linalokosekana mjini. Chukua karai pana au kona ya ua, weka udongo wa mfinyanzi, ule unaofaa tofali, changanya na maji uwe mzito. Uwe mahali pa wazi, ndege aone pande zote kama paka anakuja. Hapa tunasema kwa herufi kubwa: TOPE, SI DIMBWI. Maji yaliyosimama ni nyumba ya mbu. Yai la mbu linahitaji maji kwa wiki moja hivi au zaidi mpaka litoe mbu, kwa hiyo tope lisiwe na maji juu yake, na kila siku ya tatu lipinduliwe na kuchanganywa upya.

Na kwa kuwa tumetaja mbu, tuseme ukweli mwingine. Kuna watu wanaosema mbayuwayu watamaliza mbu wote nyumbani. Hapana. Mbayuwayu hula wadudu wengi wanaoruka, lakini hula mchana, na mbu wa malaria anauma usiku. Hata huyo wa Marekani alisifiwa hivyohivyo zamani, wataalamu walipochunguza chakula chake wakakuta mbu ni kidogo sana. Chandarua kibaki palepale. Ndege si dawa ya malaria.

Tatu, njia. Pazia la barza lifungwe pembeni mchana. Kamba ya nguo ihamishwe. Kuni na magunia yasipangwe chini ya pembe ile, maana paka atapanda. Shomoro nao ni wajanja, wanangoja mwenzao amalize kujenga kisha wanaingiza majani yao na kumfukuza. Ukiona majani makavu yananing'inia kwenye kiota kipya na mayai hayajatagwa, yatoe mapema. Teleka fulani naye hupenda sana kunyang'anya kile kiota cha chupa. Huyo mwache, naye ana watoto wake.

Nne, uchafu. Dada, hapa tunajua ndipo roho yako ilipo, kwa sababu unauza maandazi na sambusa palepale mbele. Una haki. Kinyesi cha ndege hakifai karibu na chakula. Gongelea ubao mwingine chini ya kiota, lakini ushuke kama urefu wa mkono mzima au zaidi, usiwe ngazi ya paka. Weka gazeti au boksi juu yake, ubadilishe kila baada ya siku mbili tatu. Kinyesi kilichokauka usikifagie kikavu vumbi likapaa, kiloweshe kwanza, kipanguse, kisha nawa mikono kwa sabuni. Mayai hulaliwa karibu wiki mbili, na vifaranga hukaa kiotani karibu wiki tatu. Wiki hizo za mwisho ndizo za kazi. Kifaranga akianguka, mrudisheni tu. Si kweli kwamba mama yake atamkataa kwa sababu ameshikwa na mtu.

Tano, subira. Msimu wa kwanza wanaweza kuja kuangalia tu, wakashika ukuta, wakaondoka. Hiyo si kukataliwa. Wanakagua. Msiwafukuze kwa ufagio, msiwapigie makofi, watoto wasirushe mawe. Msimu wa pili ndipo mtajua.

Sasa lile swali la mwisho, ambalo tulilibishania sana sisi watatu. Mmoja wetu alisema mama anyamaze, ndege wakija mzee atasahau. Wawili tulikataa, na mwishowe sote tumekubaliana hivi: mwambie. Mzee yule alikaa kambini miaka yote hii, na wengi wetu tulimsikia akihesabu vyumba vya nyumba yake, mwembe wa jirani, barza, mbayuwayu. Alivishika kichwani ili asipotee. Sasa amefika, na anadhani nyumba yenyewe imemkataa. Hilo ni zito kwa mtu wa umri wake kuliko kujua kwamba mkwewe alikosea kwa nia njema. Ukinyamaza unamwachia mzigo ambao si wake. Na jirani anaendelea kuongea.

Chagua jioni ambayo hamna wageni. Mpelekee kahawa yake barzani, ukae chini, umwambie: "Baba, viota niliviangusha mimi. Nilitaka ukute nyumba nzuri. Nisamehe." Asipojibu siku hiyo, mwache. Kesho yake asubuhi mletee karai na udongo, umwombe yeye ndiye achanganye tope. Wewe hujui tope gani linafaa, yeye anajua, amejenga nyumba hiyo. Miguu yake haimwendeshi mbali, lakini karai liko hapo hapo mbele ya kiti. Kila siku ya tatu apindue, aongeze maji, na watoto wamsaidie kuangalia nani anakuja. Hao waliokuwa wanaogopa chumba cha mbele wapeni daftari, waandike siku waliyoona ndege wa kwanza, rangi ya kichwa, mkia, alishika wapi. Tunadhani watalala.

Wasomaji wa hapa kambini, nanyi mna la kufanya. Mkiangalia chini ya paa za shule na za zahanati mtaona viota vya udongo. Kama kimoja kiko kwenye nyumba yako na unataka kukarabati, chungulia kwanza uone kama kuna mayai au vifaranga, na kama vipo ngoja wiki chache. Na wale mlioandikisha majina ya kurudi, kabla ya kumwambia fundi "angusha", ulizeni wenye nyumba kitu hicho ni cha nani.

Barua ya dada yetu tumemjibu kwa mkono wa mtu anayekwenda Bujumbura, maneno ni haya haya. Mvua zikianza atatuandikia, nasi tutawaletea habari kwenye ukurasa huu, wakija au wasipokuja. Mwenye ujuzi wake wa ndege wa nyumbani, awe mzee wa Uvira, Rumonge au Kigoma, atuletee karatasi kwenye sanduku letu mlangoni mwa maktaba. Asiyejua kuandika aje tu, tutamwandikia.

Mwezi ujao tutazungumzia akina baba na mikutano ya wazazi shuleni. Tuonane, Mungu akipenda.